Ahadi Isiyotamkwa Nayo Ni Deni

Ndugu msomaji, makala hii nimeichelewesha kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nimeichelewesha kwa sababu nami nimo ndani yake, tena si upande wa wanaostahili sifa.

Mwaka juzi, katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Bariadi, tulimzika mama yangu mzazi. Waombolezaji walikuwa wengi, kama ilivyo desturi ya Usukumani, ambako msiba wa mmoja ni wa kijiji kizima. Walikuja kutoka Maswa, Itilima, Meatu na hata Lamadi kule ziwani. Aliyekosekana ni mjukuu ambaye marehemu alimlea kwa mikono yake. Kijana huyo, mtoto wa dada yangu, alikuwa katika kambi moja ya Jeshi la Kujenga Taifa upande mwingine wa nchi, akiwa katika mwezi wa tano wa mkataba wake wa kujitolea. Hakunyimwa ruhusa, wala nauli haikukosekana. Alikosa kumzika bibi yake kwa sababu hakuambiwa kwamba amefariki.

Uamuzi huo tuliufanya sisi, katika kikao cha ukoo, usiku wa kwanza wa matanga. Dada yangu alitaka mwanawe aitwe. Baba yangu mdogo, mzee ambaye mwaka 1978 alichukuliwa katika mgambo na kupelekwa vitani Kagera, alimuunga mkono. Mimi ndiye niliyepinga. Nilisema kijana akipata habari hii atachanganyikiwa, huenda akatoroka kambini, na akitoroka atapoteza cheti, na akipoteza cheti atakuwa amepoteza kila kitu. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo, neno langu likapita. Baba mdogo alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mimi habari za kifo cha baba nililetewa kwa barua, nikiwa Uganda, miezi mitatu baada ya mazishi. Lakini kule kulikuwa na vita. Hii ya huyu mtoto ni vita gani?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Makala hii ni jaribio langu la kumjibu.

Kwanza tuelezane kijana huyu alikwendaje huko. Alimaliza kidato cha nne katika shule ya kata, akapata daraja la nne. Katika mkoa wetu wa Simiyu, mkoa wa pamba na choroko uliozaliwa mwaka 2012 kutoka katika ubavu wa Shinyanga, kijana wa daraja la nne ana njia chache sana mbele yake. Ataungana na wazazi kulima pamba, zao ambalo hatuhitaji kukumbushwa jinsi linavyomtendea mkulima: mwaka 2019 bei ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, pamba ikakusanywa, na wakulima wengi wakakaa miezi wakisubiri fedha zao. Au atapanda basi kwenda Mwanza kutafuta kibarua. Au ataendesha bodaboda. Njia ya nne ni kupanga foleni mbele ya ofisi ya wilaya siku ya usaili wa JKT.

Alichaguliwa, na nyumba nzima ikashangilia. Kisha ikaja orodha ya vitu anavyotakiwa kwenda navyo: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi kwa wanaopangiwa mikoa ya baridi, pamoja na nauli ya safari. Dada yangu aliuza mbuzi wawili na gunia la choroko. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa maana tunapozungumza juu ya gharama za kulijenga taifa, huwa tunaanza kuhesabu kuanzia getini mwa kambi. Hesabu ya mbuzi wa mjane wa Bariadi haimo katika kitabu chochote cha bajeti.

Sasa twende kwenye kiini cha hoja yangu.

Kila mwaka JKT linapotangaza nafasi za kujitolea, tangazo huja na onyo ambalo wazazi wengi wanalijua kwa moyo: vijana wasitarajie ajira, Jeshi la Kujenga Taifa halitoi ajira, wala halihusiki kuwatafutia vijana ajira katika vyombo vya ulinzi na usalama au kwingineko, bali linatoa mafunzo yatakayowawezesha kujiajiri wenyewe. Ni maneno yaliyo wazi. Lakini subiri miezi michache, kisha usome matangazo ya nafasi za kujiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania ya miaka ya karibuni. Miongoni mwa sifa za mwombaji utakuta hii: awe amehitimu mafunzo ya JKT kwa mkataba wa kujitolea na kutunukiwa cheti.

Yasome matangazo hayo mawili kwa pamoja, jinsi mama wa Bariadi anavyoyasoma. La kwanza linamwambia: mwanao akija hapa, hatukuahidi kitu. La pili linamwambia: mwanao asipopita pale, asije hapa. Mwanasheria atakwambia kwamba hakuna ahadi iliyotolewa, na kwa herufi za sheria atakuwa amesema kweli. Lakini mtu anayejenga nyumba yenye mlango mmoja, kisha akasimama mlangoni akitangaza kwamba hamwahidi mtu yeyote kuingia, hawezi kushangaa akikuta foleni mlangoni pake. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mimi naongeza kwamba ahadi inayotolewa kwa mlango nayo ni deni, hata kama mdomo umeikana.

Na foleni hiyo inasimamiwa kwa gharama gani? Nitaeleza niliyosimuliwa na mpwa wangu mwenyewe, bila kuongeza chumvi na bila kuinyooshea kambi yake kidole, maana aliyoyakuta yanafanana na ya kambi nyingi duniani.

Alisimulia siku ya kuruta inavyoanza kabla ya jogoo. Mchakamchaka gizani, kwata juani, fatiki baada ya kwata, shamba baada ya fatiki, lindo usiku. Ndani ya hanga, vijana wamelala kwa safu, na kila mmoja amejifunza kulia bila sauti. Alisimulia jinsi miguu ilivyovimba wiki ya kwanza hata raba mpya, zile zilizonunuliwa kwa mbuzi, zikakataa kuingia. Alisimulia ugali na maharage, na jinsi siku moja alivyoota anakula michembe nyumbani, akaamka akitafuna shuka. Hayo aliyasimulia akicheka. Askari wote duniani hucheka wanaposimulia mateso ya mwili, kwa sababu mwili husahau.

Hakucheka aliposimulia Jumapili. Katika miezi ya mafunzo ya awali kuruta hakai na simu. Habari za nyumbani zinakuja kwa bahati: afande mwenye huruma, mwenzio aliyepata barua, mtu aliyekuja kutoka mkoa wenu. Jumapili mchana, baada ya kufua, ndio wakati pekee ambao akili haina amri ya kufuata, na akili isiyo na amri huenda nyumbani. Alikuwa akihesabu kwa kichwa: sasa wamemaliza kupalilia, sasa pamba imepasuka, sasa bibi amekaa kivulini anachambua nsansa. Wakati anahesabu hivyo, bibi yake alikuwa tayari yuko kaburini, nasi tulikuwa tunajua.

Dada yangu alimwambia alipomaliza mafunzo ya awali na kupata simu ya kuazima. Alinyamaza, akauliza amezikwa upande gani wa nyumba, kisha simu ikakatika. Dada anasema haikukatika yenyewe.

Msomaji wangu wa siku nyingi ataniuliza: mwalimu, je, unapinga JKT? La hasha. Jeshi hili lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, nchi ikiwa haijafikisha hata miaka miwili ya uhuru, ili kijana wa Newala na kijana wa Bariadi walale chini ya paa moja na kugundua kwamba wao ni watu wa nchi moja. Kazi hiyo limeifanya, na bado linaifanya. Mpwa wangu leo ana rafiki wa kufa na kuzikana huko Mtwara, na anaimba chenja za makabila ambayo mimi, pamoja na shahada zangu, siwezi hata kuyasalimu. Ukuta wa Mererani wenye urefu wa kilomita 24.5, uliozinduliwa Aprili 2018 kulinda tanzanaiti yetu, ulijengwa na jeshi hilohilo, kwa jasho la vijana wa namna hiyo. Ninachopinga ni taifa kupokea jasho hilo kama sadaka, huku likijua fika kwamba aliyelitoa alikuwa ananunua tiketi.

Tena sisi wa vyuo vikuu tuna sababu ya pekee ya kuona haya. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia taifa. Masharti yale yaliwataka wahitimu wakae kambini kwa miezi kadhaa, kisha wafanye kazi kwa miezi 18 wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu wanafunzi 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tukio hilo tunalifundisha kama kisa cha wasomi waliojiona bora kuliko wakulima waliowasomesha, na nadhani tunafundisha sawasawa.

Lakini tazama tofauti. Msomi wa 1966 alilazimishwa kwenda, na ajira yake ilikuwa inamngoja mkononi. Ubishi ulikuwa juu ya asilimia ngapi ya mshahara. Kijana wa Bariadi wa leo hajalazimishwa na mtu. Ameomba, amesailiwa, mama yake ameuza mbuzi ili aende, na mwisho wa miaka miwili hakuna mshahara wa kubishania. Wanafunzi wangu wengi nao walipita JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Walikaa miezi mitatu, wakapiga picha wakiwa na sare, wakaja chuoni. Kwao kambi ni kumbukumbu, lakini kwa yule aliyeishia kidato cha nne ndiyo dau lake lote. Mwalimu aliwakasirikia waliokataa kutoa jasho huku wakiwa na uhakika wa kesho. Sijui angewaambia nini wanaolipokea jasho la wasio na uhakika huo.

Dau hilo likizidi uzito, huleta balaa. Mwezi Aprili 2021 vijana zaidi ya 800 waliondolewa makambini baada ya kugoma na kuandamana wakidai ajira ambayo waliamini wameahidiwa. Baadaye walisamehewa, na nikafurahi. Siungi mkono mgomo ndani ya jeshi. Nchi hii ilishaonja uchungu huo tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi pale Colito kwa madai ya mishahara na vyeo, hata jeshi lote likavunjwa na JWTZ likaundwa upya Septemba mwaka huohuo. Lakini adhabu hainizuii kuuliza imani ile ilitoka wapi. Vijana mia nane hawaoti ndoto moja kwa bahati mbaya. Waliota kwa sababu mlango ni mmoja.

Naomba sasa nirudi kwa baba mdogo na swali lake.

Tarehe 2 Novemba 1978 taifa lilipotangaziwa vita, yeye na wenzake wa Usukumani waliacha majembe msimu wa mvua ukianza. Waliingia Kampala Aprili 1979. Kuna waliolala Kaboya, Muleba, na hawakurudi. Baba mdogo alirudi akakuta mtoto anayetembea ambaye alimwacha tumboni, na mtoto huyo akamkimbia akidhani ni mgeni. Alinisimulia kwamba vitani njaa na mvua alivizoea. Kitu ambacho hakukizoea ni kufungua barua. Hata hivyo sikuwahi kumsikia akilalamika, na siku nilipomuuliza kwa nini, alisema: "Tuliambiwa tunakwenda kufanya nini." Hakuahidiwa utajiri wala hakudai. Aliambiwa ukweli, akatoa miezi ya maisha yake na msiba wa baba yake kwa jambo alilolijua jina.

Vivyo hivyo kwa wale askari wetu 14 waliouawa usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 katika kambi ya Semuliki, huko Kivu Kaskazini, wakilinda amani ya jirani. Nyumba zao zililia, nasi tulilia nazo, lakini hakuna aliyeuliza walikuwa wanafanya nini kule. Askari huvumilia kuwa mbali na watu wake pale anapojua kwa nini yuko mbali. Ukimnyima sababu hiyo, umemwongezea mzigo ambao hakuna kwata inayoweza kumfundisha kuubeba.

Basi jibu langu kwa baba mdogo ni hili: mtoto yule hakuwa vitani. Alikuwa kwenye foleni. Tulimficha kifo cha bibi yake ili asitoke kwenye foleni, asije akakuta nafasi yake imechukuliwa. Na mimi, mhadhiri wa chuo kikuu, ndiye niliyefanya hesabu hiyo na kuiona ni ya busara.

Nimekwisha kusikia majibu yatakayokuja. Wapo watakaosema nafasi za jeshini ni chache, na hakuna nchi inayoweza kumwajiri kila aliyepiga kwata. Nakubali kabisa. Ndiyo maana sidai ajira kwa wote. Nadai ukweli kwa wote. Wapo watakaosema vijana wanafundishwa kilimo, ufugaji na ufundi, wakajiajiri. Vizuri. Lakini kijana wa Itilima au Meatu hakuwa na upungufu wa ujuzi wa jembe alipoondoka kwao. Alichopungukiwa ni mtaji, na baada ya miaka miwili anarudi akiwa na nidhamu bora, cheti, na upungufu uleule. Wapo watakaosema kulitumikia taifa si biashara. Hao ndio ninaowapenda zaidi, kwa sababu aghalabu watoto wao hawajawahi kulala hangani zaidi ya miezi mitatu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na nayapendekeza hasa kwa wabunge wetu wa Simiyu, watakaokaa kusikiliza bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa.

Kwanza, serikali ichague moja kati ya mawili. Ama cheti cha kujitolea kiache kuwa sharti la kuomba nafasi jeshini, ama, kama kitabaki kuwa sharti, kijana aambiwe kabla hajapanda basi: mwaka huu tunachukua vijana wangapi, na kwa uzoefu wa miaka iliyopita wangapi kati ya mia wamepata nafasi, na kwa vigezo gani. Mzazi akishajua hivyo, auze mbuzi wake au asiuze, ni hiari yake.

Pili, mkataba wa kujitolea utaje bayana kiinua mgongo kitakachotunzwa kwa jina la kijana tangu mwezi wa kwanza na kukabidhiwa siku anapoaga kambi. Tukimtaka ajiajiri, tumpe cha kuanzia. Mkopo wa masharti hautoshi, na hotuba haitoshi kabisa.

Tatu, na hili halihitaji hata shilingi: kila kambi iwe na saa moja kwa juma ya kijana kuzungumza na watu wake, na ruhusa ya kumzika mzazi au aliyemlea iandikwe kuwa haki yake, isiyomgharimu cheti wala nafasi. Nidhamu ambayo inaweza kubomolewa na sauti ya mama haikuwa nidhamu. Na familia isiwekwe tena katika jaribu la kuchagua kati ya maiti na karatasi, kama tulivyochagua sisi.

Mpwa wangu amerudi. Anaendesha bodaboda hapo Bariadi mjini, pikipiki ya mtu, anapeleka hesabu kila jioni. Cheti kiko ndani ya mfuko wa nailoni, katika sanduku la mama yake, na kila linapotoka tangazo anakitoa, anakwenda kukipiga nakala, anakirudisha. Umri wake unazidi kuusogelea ukomo unaotajwa katika matangazo hayo. Nilipomwomba radhi kwa uamuzi wa usiku ule, alisema tu: "Mjomba, ningeambiwa ningetoroka." Sikujua kama alikuwa ananisamehe au ananihukumu, wala yeye hakutaka kufafanua.

Asubuhi ya siku yake ya kwanza nyumbani, alivaa fulana yake ya kijani iliyopauka, akachukua jembe, akaenda kupalilia kaburi la bibi yake. Alifanya kazi hiyo kwa mistari iliyonyooka, kama alivyofundishwa. Baba mdogo alikaa kando kwenye kigoda, akimtazama bila kusema neno, hadi alipomaliza. Kisha mzee akasimama wima, mikono ubavuni, akampigia saluti.